Toleo la Kumi na Nne

Kwa Shangazi, 5 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona bahasha. Daktari amenifunga mdomo wiki sita. Hata kunong'ona hataki, anasema kunong'ona kunaumiza koo kuliko kupiga kelele, sijui ni kweli au ananikomesha tu. Simu hapa haishiki mpaka upande juu ya ndoo, na mimi sasa hivi si mtu wa kupanda ndoo. Kwa hiyo naandika, na karani wa vifurushi pale stendi ndiye posta yetu.

Upasuaji wa tarehe mbili ulikwenda salama. Kile kinundu kimetoka. Shangazi amenitundikia shingoni ubao mdogo wa shule pamoja na chaki. Jana kaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha, nikaandika "imezidi". Akasoma, akasema, "Kumbe hata ukinyamazishwa una mdomo." Akacheka peke yake. Mimi kucheka siruhusiwi.

Sasa la maana. Daktari anasema sauti itarudi, ila haahidi kwamba itarudi ileile. Inaweza kurudi nzito, inaweza kurudi na mkwaruzo, inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo zile siku tatu ulizonirekodi kabla sijasafiri ndiyo akiba yangu. Sina nyingine. Naziwaza kila nikiamka.

Najua hupendi kukumbushwa, lakini mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii na nitakukumbusha mpaka uote mvi. Kila siku ya kazi fungua toleo jipya, ulipe namba. Usisevu kamwe juu ya kazi ya jana. Halafu chukua daftari la kijani, andika tarehe, namba, na sentensi moja ya kilichobadilika. Kompyuta inakumbuka ulichofanya, haikumbuki ulikuwa unafikiri nini.

Wimbo wetu tuliishia toleo la 14. Lichanganye kidogo, liweke kwenye flashi, unitumie. Nataka kusikia ubeti wa tatu.

Msusi mpe salamu. Mwambie nywele zangu zinamlilia.

Dada yako


Studio, 11 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikacheka kwa niaba yako, maana wewe umekatazwa.

Huku hatujambo. Mwenye nyumba hatimaye kaja na ngazi, paa halivuji tena juu ya meza ya mitambo. Spika ya kushoto bado inakoroma asubuhi mpaka ipate joto. Yule mzee wa tangazo la sabuni kaja kurekodi tena, kasahau meno ya bandia nyumbani, tukamsubiri saa nzima.

Kuhusu flashi, nivumilie kidogo. Umeme unawaka na kuzima, naogopa kufungua mafaili makubwa usije ukakatika katikati. Toleo la 14 lipo. Daftari la kijani lipo. Kila kitu kipo, usiwe na wasiwasi, kunywa maji ya vuguvugu upone.

Msusi anakusalimu sana.

Mdogo wako


Studio, 12 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa peke yako, tafadhali. Jana nimemwandikia Dada uongo ukurasa mzima, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Siku moja baada ya Dada kuondoka, alikuja hapa bwana mmoja wa redio. Aliusikia wimbo wetu, akaupenda. Akasema anautaka kwenye tamasha lao la Aprili, na mwimbaji awepo jukwaani aimbe mwenyewe. Nikamwambia mwimbaji ni dada yangu, anakwenda kupasuliwa koo. Akasema, "Basi tafuta koo jingine, wimbo ni huohuo."

Ningemfukuza, Shangazi. Sikumfukuza. Nilimwita Msusi, yule wa saluni ya jirani anayemsuka Dada. Anaimba vizuri sana. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada yako anajua?" Nikamjibu anajua.

Nikafungua toleo la 15, nikaitoa sauti yote ya Dada ili Msusi apate nafasi. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika, maana matoleo ya nyuma yalikuwepo. Lakini kompyuta ikasema imejaa. Kwenye programu yetu kuna kitufe cha kusafisha: kinafuta rekodi zote ambazo hazitumiki. Nikakibonyeza, nikaenda kunywa chai.

Nikueleze hivi. Toleo si sauti yenyewe, ni karatasi ya maelekezo tu: chukua sauti ile, iweke hapa, ipunguze pale. Sauti zenyewe zinakaa kwenye stoo moja, na matoleo yote kumi na tano yanachota humo. Programu iliangalia toleo lililokuwa wazi peke yake. Toleo hilo halikuwa na Dada. Basi sauti ya Dada ikahesabiwa takataka, ikafagiliwa. Nilipolifungua la 14, maelekezo yote nimeyakuta mahali pake, ila kwenye mstari wa sauti pameandikwa faili haipatikani. Siku tatu zote. Hata nakala za kusikiliza zilikuwa stoo hiyohiyo, na diski ya akiba sijaichomeka tangu Desemba.

Fundi wa kompyuta kakaa nayo siku mbili. Kasema angeweza kuokoa kitu, lakini mimi nilishamrekodi Msusi, na sauti ya Msusi imekaa palepale ilipokuwa ya Dada.

Nitamwambiaje mtu ambaye hata kulia kwa sauti amekatazwa? Nisaidie, Shangazi. Naona aibu mpaka nakwepa kupita mbele ya saluni.

Mwanao


Nyumbani, 18 Februari

Wewe mtoto,

Marahaba, ingawa hukustahili.

Barua yako nimeisomea chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, katika umri wangu huu. Mambo ya stoo na karatasi nimeyaelewa vizuri, usidhani mimi mjinga wa mitambo. Nilichoelewa zaidi ni kwamba kitufe hakikutoka hewani. Kama usingemtoa dada yako kwenye wimbo wake, kitufe kingefagia vumbi tu.

Sasa unaniuliza ufanyeje. Unajua ufanyeje. Mficha uchi hazai. Unachotaka ni mimi nikwambie kwamba unaweza kungoja.

Haya, ngoja, lakini kwa mpaka. Daktari atamfungua mdomo tarehe kumi na sita ya mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo awe ameshajua, na ajue kutoka kwako. Mimi sitamwambia. Ila akiniuliza sitamdanganya, kwa sababu ananitazama sana siku hizi, na mtu asiyeongea ana macho makali.

Kila asubuhi anakaa dirishani anapiga vidole mezani, anahesabu mapigo ya huo wimbo wenu. Nikimuona natamani nikupige kofi, halafu nikupikie.

Shangazi yako


Studio, 25 Februari

Dada,

Shikamoo. Flashi ndiyo hiyo, nimeifunga kwenye kitambaa isigongwe. Toleo la 14, beti zote tatu. Nimeisafisha sauti kidogo, nikaongeza mwangwi mdogo kwenye kiitikio. Sikiliza kwa ile redio ndogo ya Shangazi, haina besi nyingi, haitakusumbua masikio.

Ukisikia pametofautiana kidogo na unavyokumbuka, ni uchanganyaji tu.

Mdogo wako


Kwa Shangazi, 4 Machi

Mdogo wangu,

Flashi imefika nzima. Nimesikiliza mara tatu. Sauti ni nzuri, imetulia, haina doa hata moja. Shangazi alikuwa anapitapita mlangoni na ufagio, na chumba nilishakifagia mwenyewe asubuhi.

Nina ombi moja. Chukua daftari la kijani, uninakilie kuanzia toleo la 12 mpaka mwisho. Neno kwa neno, kwa mkono wako. Hapa siku zote zinafanana, nataka kuzikumbuka zile tatu zilivyokuwa.

Usiharakishe. Mimi sina pa kwenda.

Dada yako


Studio, 12 Machi

Dada,

Shikamoo. Nakunakilia kama ulivyosema.

Toleo la 12, tarehe 26 Januari. Ubeti wa kwanza. Dada kaimba amekaa, maikrofoni tumeishusha.

Toleo la 13, tarehe 27 Januari. Ubeti wa pili na kiitikio. Gari la takataka limepita, tumerudia mara mbili.

Toleo la 14, tarehe 28 Januari. Ubeti wa tatu, mara moja tu. Dada kakohoa mwishoni. Nimesema nikikate, kasema kiache, hicho nacho ni mimi.

Hapa niliweka kalamu chini nikatoka nje. Niliporudi, maneno yalikuwa palepale. Kwenye flashi niliyokutumia hakuna kikohozi.

Ulisema mpaka mwisho. Toleo la 15, tarehe 2 Februari. Bila Dada. Kwa ajili ya bwana wa redio.

Ndiyo, tarehe mbili. Wewe ulikuwa umelala kwenye meza ya daktari na mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza yetu, nakuondoa mstari kwa mstari. Bwana wa redio alitaka mtu wa kusimama jukwaani Aprili. Nilijiambia wewe huenda usipone. Nilijiambia wimbo usife. Nilijiambia maneno mengi, na lililokuwa chini ya yote ni kwamba nilitaka jina langu lisikike redioni. Halafu kompyuta ikajaa, nikabonyeza kitufe cha kusafisha huku toleo la 15 likiwa wazi, na sauti yako yote ya siku tatu ikafutwa. Haipo, Dada. Haipo kwenye diski, haipo kwa fundi, haipo popote. Akiba yako nimeipoteza mimi.

Uliyemsikia ni Msusi. Nilimwomba aimbe kama wewe, nikamwambia wewe ndiye uliyetaka. Halafu nikakaa siku nne nikiipindapinda sauti yake ifanane na yako. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama siku zile nne.

Nilitaka kuuchana ukurasa wa toleo la 15. Nilikuwa nimeshaushika. Daftari limeshonwa katikati, nikiuchana unatoka na mwenzake wa mwanzoni, na huo una mwandiko wako, toleo la 2, ulipoandika "mdogo wangu leo kapiga kinanda bila kunitazama mikono". Sikuweza.

Sikuombi kitu. Nimeandika tu mpaka mwisho, kama ulivyosema.

Mdogo wako


Nyumbani, 24 Machi

Mwanangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Aliisomea jikoni akiwa amesimama. Alipomaliza akaikunja, akaivua kamba ya ule ubao shingoni, akauweka juu ya kabati. Hajauandikia tena.

Tarehe kumi na sita tulikwenda kwa daktari. Akamchungulia koo, akasema kumepona vizuri, kuanzia leo unaweza kuongea, anza polepole. Akamwambia, "Haya, sema jina lako." Dada yako akamtazama, akachukua mkoba, tukaondoka.

Mpaka leo siku ya nane hajatamka kitu. Mwanzoni alinyamaza kwa amri ya daktari. Huku kunyamaza kwa sasa sijui nikuite nini, na sitaki kukudanganya kwamba kutakwisha kesho.

Ulifanya ulilopaswa kufanya. Ulichelewa, lakini hukupitisha mpaka. Ule chakula. Fundi wa kompyuta kapita huku kwa dada yake, anasema umekonda kama waya.

Usiandike tena mpaka uandikiwe.

Shangazi yako


Kwa Shangazi, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua tangu mstari wa kwanza. Miaka minne nakaa chini ya mikono ya Msusi akiimba juu ya kichwa changu. Akifika mwisho wa mstari huuinua kidogo, mkono nao unavuta nywele. Niliposikiliza flashi yako kichwa kiliniuma palepale anaposukaga. Halafu hiyo sauti haikuwa na doa. Tangu lini mimi nikaimba bila doa?

Nilikuomba daftari nione utafanya nini. Nilikuwa nimeshaamua: akiruka ukurasa, sina mdogo. Nilikaa siku kumi nikingoja barua nikiwa nimeamua hivyo, na nilikuwa nasali usiruke. Hukuruka. Nimeliona hilo.

Lakini usije ukadhani tumemaliza. Kufuta, mimi mwenyewe nimewahi kufuta. Mwaka wa kwanza wa studio nilifuta harusi nzima ya watu, na bwana harusi alikuwa polisi. Kidole kinateleza. Ila "bila Dada" hakuna kilichoteleza. Uliandika kwa mwandiko mzuri, ukaweka na nukta. Nikiwa na nundu kooni na hofu tumboni, wewe ulikuwa umeshanihesabu kama mtu aliyepita. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo hiyo niliifua na kuipiga pasi mwenyewe tangu mama alipotuachia nyumba. Nimelia sana. Daktari kasema ruhusa.

Wiki iliyopita niliongea. Nilikuwa natoka kuanua nguo, mlango umejifunga, nikasema "hodi". Shangazi akaitika kutoka ndani, "Nani?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Wewe nani?" Alipofungua akanikuta nimesimama na beseni, tukatazamana. Hakunijua, mdogo wangu. Mtu aliyenibeba mgongoni hakuijua sauti yangu. Ni nzito sasa, na ina mchanga. Nilikaa chini palepale mlangoni, na yeye akakaa, nguo zikachafuka upya.

Kwa hiyo ile ya zamani haipo. Haipo kooni na haipo kwenye mashine yako. Nimejaribu kukuchukia kwa hilo, na siku nyingine naweza kabisa.

Ndani ya bahasha kuna flashi ileile. Nimeimba ubeti wa tatu nikijirekodi kwa simu ya Shangazi, ndani ya kabati la nguo, blanketi nimelitundika mlangoni kama nilivyokufundisha. Sikiliza ninayotaka.

Fungua toleo la 16. Usisevu juu ya la 15. La 15 liache na jina lake na tarehe yake, lisiguswe. Beti mbili za mwanzo ziache tupu, ala peke yake, mpaka nitakaporudi kuziimba mwenyewe. Sijui ni lini.

Msusi mwambie ulimdanganya. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Akitaka kuimba kiitikio na mimi, aimbe kwa sauti yake, na aandikwe kwenye daftari. Bwana wa redio mwambie wimbo una koo lake.

Mwishoni nimekohoa. Safari hii pia sikukusudia. Usikikate.

Dada yako


Studio, 17 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Bwana wa redio nimempigia. Kasema nitajuta. Nikamjibu nimeshaanza muda mrefu, akakata simu.

Kwa Msusi nilikwenda Jumamosi, saluni imejaa, kwa sababu ningengoja iwe tupu nisingekwenda. Nilimweleza yote. Aliweka kitana chini, akafuta mikono, akaniambia nitoke. Jana kaja mwenyewe mpaka mlangoni, hakuingia. Kasema kiitikio ataimba ukiwepo wewe, na kabla hujaja asinione na maikrofoni.

Diski ya akiba sasa naichomeka kila jioni. Najua ni kufunga zizi ng'ombe wameshatoka.

Toleo la 16 nimelifungua. Nimeweka ubeti wako mahali pake. Sikuusafisha, sikuongeza mwangwi. Mara ya kwanza na mimi nilitaka kuuliza "nani?", Dada, nisamehe kwa kukwambia. Mara ya pili ulipofika kwenye lile neno unalopenda kulivuta, nikakujua, nikazima spika, nikakaa nje kwenye ngazi mpaka mzee wa sabuni akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Kikohozi kipo. Sijakigusa.

Halafu nilichukua daftari. Nimeandika tarehe, namba, na hii: Dada, ubeti wa tatu, sauti mpya, ameimba kabatini kwa Shangazi. Nilitaka niongeze kwamba umenisamehe. Nikaisoma barua yako tena, mara nne, pande zote mbili, nikilitafuta hilo neno. Halimo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye daftari linaandikwa lililofanyika tu.

Nimeacha mstari mmoja wazi, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye daftari.

Mdogo wako